Mawe Ndani ya Mfinyanzi: Udongo wa Miteremko ya Uluguru na Namna Unavyoainishwa

Barabara iendayo Mgeta huiacha barabara kuu ya Morogoro na Iringa karibu na Mzumbe, kisha hupanda kwa kujipinda katika miteremko ya magharibi ya milima ya Uluguru. Kila mahali barabara ilipokatwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa udongo ulioachwa wazi huonyesha jambo lile lile: udongo mwekundu au wa rangi ya kahawia, unaonata vidoleni ukilowa, na ndani yake mawe ya kila ukubwa, mengine kama punje za mahindi, mengine makubwa kushinda kichwa cha mtu. Mahali pengine mawe hayo yamejipanga mstari mmoja kama shanga zilizotungwa. Mahali pengine yametawanyika ovyo. Na hatua chache mbele hayapo kabisa. Juu ya udongo huo hupandwa kabichi, viazi, njegere na maharage yanayouzwa hadi masoko ya Dar es Salaam, na kutoka katika milima hiyo hiyo hutiririka mito inayoujaza Ruvu, mto unaoupa mji huo sehemu kubwa ya maji yake.

Katika mazungumzo ya kawaida udongo wa namna hii huitwa mbaya kwa sababu hukwaruza jembe. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Udongo wa mfinyanzi wenye mawe si aina moja bali ni jamaa kubwa, na ndani ya jamaa hiyo umo udongo unaoweza kulimwa kwa vizazi vingi na umo pia ule ambao heri uachiwe miti. Lililo gumu ni kuutambua upi ni upi. Kwa kazi hiyo hapana budi kuangalia mambo matatu kwa pamoja: kiasi cha mfinyanzi, kiasi cha mawe, na mahali udongo ulipo katika mteremko.

Kwanza yafaa ieleweke jiwe ni nini kwa mtu wa elimu ya udongo. Mpaka umewekwa kwenye milimita 2. Kipande chochote kizidicho kipenyo hicho huhesabiwa kuwa jiwe, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama. Vyote vilivyo chini ya hapo huitwa udongo laini. Kuanzia milimita 2 hadi 60 ni changarawe, kutoka 60 hadi 200 ni mawe hasa, na zaidi ya hapo ni majabali. Udongo laini nao hugawanywa katika mchanga, tope laini na mfinyanzi, na chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, yaani ukizipanga 500 kwa mstari hazitazidi milimita moja. Katika mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambao hutumiwa na wapima udongo wa nchi nyingi, mawe yakichukua asilimia 5 hadi 15 ya udongo huhesabiwa kuwa ya wastani, 15 hadi 40 ni mengi, na 40 hadi 80 ni mengi mno.

Asilimia hizo ni za ujazo, si za uzito, na tofauti hii si ndogo. Sentimita moja ya ujazo ya jiwe gumu ina uzito wa kama gramu 2.65, hali ujazo huo huo wa udongo laini pamoja na matundu yake waweza kuwa na gramu 1.2 tu. Kwa hiyo udongo wenye mawe asilimia 40 kwa ujazo, ukipimwa kwa mizani, utaonekana una mawe kiasi cha asilimia 60. Mwanafunzi asiyeandika ametumia kipimo gani atakuwa ameandika namba isiyo na maana.

Mfinyanzi wenyewe ni zao la kuoza kwa mwamba. Miamba ya Uluguru ni ya kale sana. Ilipikwa na kugandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na iliyo mingi ni ya aina ya naisi na granuliti. Katika eneo la Mgeta upo pia mwamba mweupe-kijivu uitwao anothositi, ambao karibu wote ni madini ya feldispa. Maji ya mvua, yakiwa yamechukua kaboni dayoksaidi kutoka hewani na zaidi kutoka katika mizizi na mboji, huwa asidi hafifu. Asidi hiyo huila feldispa polepole, ikaondoa chokaa, sodiamu na potasiamu, na masalia yake yakaunda mfinyanzi uitwao kaolini. Chuma kilichokuwemo katika madini mengine hushika kutu. Kutu iliyokauka hutoa rangi nyekundu; ile iliyokaa penye ubaridi na unyevu mwingi hutoa rangi ya manjano au kahawia, na ndiyo sababu aghalabu udongo wa juu milimani una rangi hafifu kuliko ule wa mabonde ya chini.

Kaolini ina tabia mbili ambazo mkulima huzijua hata kama hajalisikia jina lake. Haivimbi sana ikilowa wala haipasuki mipasuko mikubwa ikikauka, tofauti na udongo mweusi wa mbugani. Hilo ni jema. Lakini uwezo wake wa kushika chakula cha mimea ni mdogo, hivyo rutuba ya udongo kama huu hutegemea mno mboji iliyo katika sentimita 15 au 20 za juu. Tabaka hilo likiondoka, mfinyanzi unaobaki huwa mwekundu wa kupendeza macho na maskini wa chakula. Jambo hili lilikuja kuleta matokeo makubwa katika historia ya Uluguru, kama itakavyoelezwa.

Na mawe je, hutoka wapi? Mengine ni mabaki yaliyoshindikana kuoza pale pale yalipo. Madini ya kwatsi, ambayo ni magumu na hayali asidi, hukaa katika mwamba kama mishipa. Mwamba ukioza pande zote, mishipa hiyo huvunjika ikawa vipande vyeupe vyenye ncha kali. Mengine ni viini vya mwamba mama ambavyo vimeoza nje tu, navyo huwa vya mviringo na ganda lake humenyeka kwa kucha. Kundi la tatu ni mawe yaliyotoka juu: yaliporomoka kutoka katika magenge, yakachanganyika na udongo uliokuwa ukishuka. Mtu akikuta katika shimo moja mawe ya aina mbalimbali, yaliyolala kila upande bila mpango, ajue kwamba udongo huo ni mgeni mahali hapo. Ulikuja kwa kusafiri, na uliowahi kusafiri waweza kusafiri tena.

Mistari ya mawe inayoonekana katika kuta za barabara imekuwa na mabishano ya miaka mingi. Wako wanaosema kwamba ni uso wa ardhi wa zamani, uliosafishwa na mvua hadi yakabaki mawe, kisha ukafunikwa na udongo ulioshuka. Wako wanaosema ni kazi ya mchwa. Mchwa hupandisha juu chembe zile tu awezazo kuzibeba. Akifanya hivyo kwa maelfu ya miaka, udongo laini hupanda na mawe huzama mpaka yakakutana chini kwa mstari. Yumkini maelezo yote mawili ni ya kweli, kila moja mahali pake.

Uhusiano kati ya udongo na mteremko ulipewa jina lake hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa kemia ya udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Usambara ya Mashariki, aliongoza kazi ya kuchora ramani ya udongo ya nchi za eneo hili. Ilimsumbua kwamba kila alipovuka kilima alikuta udongo ukibadilika mara nne au tano, na alipovuka kilima cha pili alikuta mpangilio ule ule ukirudiwa. Hakuna ramani ya nchi nzima ambayo ingeweza kuonyesha mabadiliko hayo yote. Mwaka 1935 akapendekeza kwamba mfululizo mzima, kuanzia kileleni hadi bondeni, uchukuliwe kuwa kitu kimoja, akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki ikatolewa mwaka 1936. Milne alifariki mwaka 1942, lakini leo neno katena limo katika vitabu vya udongo vya dunia nzima.

Mnyororo huo katika mlima kama Uluguru unaweza kufuatwa kwa miguu. Juu kabisa, penye miinuko mikali na magenge, udongo ni mwembamba. Mwamba hugongwa na jembe kabla ya sentimita 25. Hapo kila kinachooza huchukuliwa na mvua kabla ya kukusanyika. Chini kidogo, katikati ya mteremko, kina huongezeka hadi nusu mita au mita moja, na ndipo mawe yanapokuwa mengi kwa kuwa yaliyotoka juu na yaliyozaliwa hapo hukutana. Mfinyanzi upo, lakini matabaka hayajatengana vizuri. Kwenye nyayo za mlima, ambapo mwinamo hulegea, udongo laini uliooshwa kutoka juu hujilundika. Mawe hupungua, kina hupita mita mbili, na mfinyanzi huonekana kuwa mwingi zaidi chini kuliko juu kwa sababu maji huuteremsha ndani ya udongo. Mwisho ni bonde lenyewe, lenye udongo wa mto na unyevu wa daima. Mpangilio huu haukosi vighairi: mara nyingi bega la mlima, pale kilele kinapoanza kuinama, huwa na udongo mwekundu wa kina kirefu ambao mtu asingeutegemea huko juu.

Sasa ndipo penye kazi ya kutoa majina. Mfumo unaotumiwa zaidi kimataifa ulianza na ufunguo wa ramani ya udongo ya dunia uliotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na UNESCO mwaka 1974. Ulirekebishwa mwaka 1988, ukapata sura mpya mwaka 1998, na toleo la nne la sura hiyo lilitoka mwaka 2022. Jina la udongo katika mfumo huu lina sehemu mbili kama majina ya Wabantu wengi: jina la ukoo, na vivumishi vinavyoeleza tabia za huyu mmoja.

Udongo mwembamba wa kileleni ni wa ukoo wa Leptosoli, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Ili kuingia katika ukoo huu, mwamba usiokatika sharti uwe ndani ya sentimita 25 za juu, au udongo laini uwe chini ya asilimia 20 ya ujazo wote katika sentimita 75. Sharti la pili lafaa kuzingatiwa: mahali penye kina cha kutosha panaweza kuhesabiwa kuwa pembamba kwa sababu tu kina hicho kimejaa mawe. Kwa mzizi wa mhindi, rundo la mawe na mwamba mzima ni karibu kitu kimoja.

Udongo wa katikati ya mteremko, ambao umeanza tu kubadilika kutoka katika mwamba wake, huitwa Kambisoli. Ule wa chini, wenye mfinyanzi ulioteremka na kukusanyika, hugawanywa kufuatana na rutuba: ukiwa na asidi nyingi na chakula kidogo ni Akrisoli, ambao hupatikana hasa penye mvua kubwa, ukiwa na chakula cha kutosha lakini mfinyanzi wake ni dhaifu kama kaolini, ni Liksisoli. Udongo mwekundu wa kina kirefu ambao mabonge yake yakivunjwa huonyesha nyuso zinazong'aa kama zimepakwa mafuta ni Nitisoli, nao ni miongoni mwa udongo bora wa nchi za joto.

Juu ya ukoo huwekwa vivumishi. Kivumishi skeletiki, chenye asili moja na neno la Kizungu la mifupa, huongezwa ikiwa mawe yanafika asilimia 40 au zaidi ya ujazo, kwa wastani, katika mita moja ya juu. Kivumishi leptiki huonyesha kwamba mwamba umo ndani ya mita hiyo. Kivumishi kleiki huonyesha kwamba upo unene wa sentimita 30 au zaidi wa mfinyanzi. Hivyo mtu akisoma katika ripoti kwamba shamba fulani lina Kambisoli iliyo skeletiki, leptiki na kleiki, amekwisha kuambiwa mambo manne kwa maneno machache: udongo bado mchanga kwa umri, una mifupa mingi, haupiti mita moja, na nyama iliyo kati ya mifupa hiyo ni ya kunata. Mfumo wa Marekani, uliochapishwa mara ya kwanza kwa ukamilifu mwaka 1975, hufanya jambo lile lile kwa njia nyingine. Una kundi maalumu la udongo wa mfinyanzi wenye mifupa, ambalo mawe yake hufika asilimia 35 ya ujazo na mfinyanzi wake hufika asilimia 35 ya udongo laini. Mipaka ya namba hutofautiana kati ya mfumo na mfumo, na si ajabu. Mipaka hiyo imewekwa na watu kwa mapatano, si na maumbile.

Faida ya majina haya huonekana pale yanapogeuzwa kuwa hesabu. Chukua mfano wa udongo wa mfinyanzi usio na mawe, ambao kila mita moja ya kina chake inaweza kuhifadhi milimita 150 za maji ambayo mizizi inaweza kuyanyonya. Mimea ikitumia milimita 5 kwa siku, akiba hiyo inatosha siku 30 bila mvua. Sasa utiwe mawe asilimia 40. Jiwe gumu halihifadhi maji, kwa hiyo akiba hushuka hadi milimita 90. Kisha mwamba uwe kwenye kina cha nusu mita. Zinabaki milimita 45, yaani siku 9 tu. Mashamba mawili yanaweza kuwa na udongo laini wa namna moja kabisa, rangi moja na mnato mmoja, na bado moja likanyauka katika wiki ya pili ya jua wakati jingine linangoja mwezi.

Kosa la namna hiyo hufanyika pia katika kupima rutuba. Udongo upelekwao maabara huchekechwa kwanza na mawe yote hutupwa, kwa hiyo majibu yanayorudi ni ya udongo laini peke yake. Hekta moja yenye kina cha sentimita 20 ni meta za ujazo 2,000. Zikiwa zote ni udongo laini, ni tani 2,400 hivi. Mawe yakichukua asilimia 40, ni tani 1,440 tu. Mtu akisahau mawe yaliyotupwa, atadhani shamba lina akiba ya chakula cha mimea ambayo karibu nusu yake haipo, na kipimo cha mbolea au chokaa atakachokikadiria kitakosea kwa kadiri hiyo hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mawe ni hasara tupu. Yakilala juu ya ardhi hupokea pigo la matone ya mvua ambalo lingevunja mabonge ya udongo, huzuia maji yasikimbie, na hupunguza kukauka kwa udongo ulio chini yake. Shamba lililosafishwa mawe yote katika mteremko mkali laweza kupoteza udongo kwa kasi kuliko lile lililoachwa na changarawe yake. Lakini ni lazima kuangalia jiwe limekaaje. Likiwa limekaa tu juu ya udongo uliolegea, maji hupenya pembeni na chini yake. Likiwa limezama katika uso wa udongo uliogandamana, huwa kama kigae sakafuni, na maji yanayoliangukia huongeza mbio za yale yaliyo kando.

Ndani ya udongo, mawe na mfinyanzi hugawana kazi ya kuushika mlima. Mawe yakiwa mengi hata yanagusana, uzito hubebwa kutoka jiwe hadi jiwe, na mteremko hushikiliwa na msuguano. Yakiwa machache yanaelea ndani ya mfinyanzi kama maharage katika ugali, na hapo nguvu ya mteremko ni ile ya mfinyanzi peke yake. Mfinyanzi mkavu ni mgumu. Ukijaa maji hulegea, na maji yaliyobanwa katika matundu yake hupunguza mgandamizo kati ya chembe na chembe. Pale udongo uliolegea unapokutana na mwamba usiopitisha maji, maji husimama, na tabaka zima la juu huwa limewekwa juu ya utelezi.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta. Karibu milimita 100 zilianguka kwa muda wa chini ya saa 3. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walikwenda kuchunguza, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1972. Waligundua maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Mengi yalikuwa madogo, yenye kina cha mita moja hadi moja na nusu, lakini yalitokea mteremko baada ya mteremko, yakateremsha matope na mawe hadi mitoni. Karibu yote yalianzia katika mashamba, katika mapumziko ya mashamba na katika nyasi. Yaliyoanzia chini ya miti hayakufika asilimia moja. Sababu yake inaeleweka kwa aliyekwisha kuona ukuta wa barabara. Mizizi ya mahindi na nyasi huishia katika udongo wa juu, na mahali pa kuteleza ni chini ya hapo. Mizizi ya miti hupita katikati ya mawe ikaingia katika nyufa za mwamba, ikashona vitu viwili ambavyo maji yanataka kuvitenganisha.

Miaka kumi na mitano kabla ya mvua hiyo, udongo huo huo ulikuwa umeingia katika siasa. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na sehemu yake kubwa ilikuwa kuwalazimisha wakulima kukata matuta mapana ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuhifadhi udongo haikuwa mbaya, lakini amri ilikuwa moja kwa mlima mzima. Tuta pana la ngazi hujengwa kwa kuchimba upande wa juu na kujaza upande wa chini. Penye udongo wa kina hilo linawezekana. Penye udongo mwembamba wenye mawe, uchimbaji huo hufukia tabaka la mboji na kuleta juu mfinyanzi mwekundu usio na chakula, pengine na changarawe na mwamba mbovu. Wakulima waliona mazao yakipungua juu ya kazi waliyolazimishwa kuifanya. Mwezi Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, upande wa mashariki wa milima, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Zilikuwepo sababu nyingine za chuki, zikiwemo za utawala na za nguvu kazi, lakini hoja ya udongo haikuwa kisingizio. Ushahidi wake ni kwamba huko Mgeta, penye udongo wa kina na soko la mboga, matuta ya ngazi hayakuvunjwa. Yaliendelea kulimwa na kumwagiliwa maji.

Waluguru walikuwa na njia yao wenyewe, ambayo watafiti wa mwaka 1972 pia waliieleza. Mkulima huanza chini ya shamba akilima kuelekea juu, akivuta udongo na magugu kuyafunika kwa safu, mpaka mteremko ukawa na vidato vyembamba kama ngazi. Njia hii haichimbi chini; hutumia udongo wa juu tu, na magugu yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Kasoro yake ni kwamba kila msimu udongo huvutwa chini kidogo, hivyo baada ya miaka mingi sehemu ya juu ya shamba hubaki na mifupa.

Shule yoyote iliyo karibu na mlima inaweza kuifuata katena kwa vifaa vya kawaida. Mwinamo hupimwa kwa kamba, rula na kitu kizito cha kuning'inia. Kushuka mita 5 kwa kila mita 10 za kwenda mbele ni asilimia 50, ambayo ni kama digrii 27. Wanafunzi wengi hudhani asilimia 100 ni ukuta uliosimama, kumbe ni digrii 45 tu. Kisha huchimbwa shimo la pande zote sentimita 20, yaani lita 8. Udongo wote hutolewa, hukaushwa, huchekechwa kwa chekeche la milimita 2, na mawe yanayobaki juu huoshwa. Ndoo iliyojazwa maji hadi ukingoni huwekwa ndani ya beseni, mawe hutiwa taratibu, na maji yaliyomwagika hupimwa. Yakiwa lita 2.4, mawe ni asilimia 30. Shimo dogo kama hili haliwezi kuhesabu majabali, kwa hiyo yale yanayoonekana juu ya ardhi yahesabiwe kando.

Mfinyanzi hutambuliwa kwa vidole. Udongo laini hulowanishwa na kukandwa kama unga wa chapati, kisha husukumwa kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi si mwingi; ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni udongo wa mfinyanzi hasa. Udongo mwekundu wenye kutu nyingi ya chuma hudanganya hapa, kwa sababu chembe zake hushikana zikaonekana kama mchanga. Ukandwe kwa dakika kadhaa kabla ya kuhukumiwa.

Mashimo manne katika mstari mmoja, kuanzia bega la mlima hadi nyayoni, yakiandikiwa kina, mwinamo, mawe na urefu wa utepe, yanatosha kuchora mnyororo mmoja. Mchoro huo utaonyesha mambo ambayo ramani ya taifa haiwezi kuyaonyesha. Katika ramani ya kipimo cha 1:2,000,000 milimita moja ni kilomita mbili, na mteremko mzima, pamoja na kila shamba lililo juu yake, huingia ndani ya unene wa mstari wa kalamu.